Kukatia Bima Gari la Mtumba la Bei Nafuu: Mwongozo Kamili kwa Mnunuzi wa Tanzania

Gari la milioni nane au kumi kwa watu wengi ndilo mali kubwa kuliko zote walizonazo baada ya kiwanja. Hata hivyo ndilo gari linalokatiwa bima kwa haraka kuliko yote: mwenye gari anapita kwa wakala wa jirani, anataja namba za gari, analipa, anapokea ujumbe wa simu, basi. Kasoro hujulikana siku ya ajali, dai linaporudishwa kwa sababu jina, namba ya injini au matumizi ya gari hayalingani na yaliyoandikwa. Kwa gari la mtumba, kazi kubwa ya bima hufanyika kabla ya kulipa ada, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iko kwenye kadi ya gari.

Kabla ya kumlipa muuzaji

Chukua kadi halisi, wala usikubali picha ya simu, kisha fungua boneti. Soma namba ya chesi iliyogongwa kwenye bodi. Kwa magari mengi ya Kijapani utaikuta kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini, au kwenye kibati kilichobandikwa huko au kwenye nguzo ya mlango. Ilinganishe na kadi, herufi kwa herufi. Halafu tafuta namba ya injini kwenye bloku yenyewe, ukifuta grisi kwa kitambaa ikibidi. Hapa ndipo magari ya mtumba yanapokwama. Injini iliyokufa hubadilishwa kwa nyingine iliyonunuliwa kwenye maduka ya spea za mtumba, gari likaendelea kutembea, kadi ikabaki na namba ya zamani. Gari likiibwa au likiungua, kampuni ya bima itauliza ni gari gani hasa ililolikubali. Ukikuta injini imebadilishwa, mwambie muuzaji arekebishe taarifa TRA kwanza, au punguza bei na uifanye kazi hiyo mwenyewe kabla ya kukata bima. Vivyo hivyo kwa rangi: gari lililokuwa jeupe likapakwa nyeusi lazima lisomeke jeusi kwenye kadi.

Ukiwa bado na muuzaji, ingia kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (tiramis.tira.go.tz) uandike namba ya usajili wa gari. Utaona kama lina bima, ni ya kampuni gani na inaisha lini. Angalia pia madeni ya faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi. Deni halizuii bima, lakini litakuwa lako ukishakabidhiwa ufunguo.

Muuzaji akikwambia "bima bado ina miezi saba, usihangaike", usiishie hapo. Mkataba ule ni kati yake na kampuni, wewe humo. Akishauza, hana tena maslahi kwenye gari lile, na wewe hujatambuliwa kama mwenye bima. Trafiki anaweza kukupitisha kwa sababu mfumo unaonyesha bima hai, lakini siku ya dai kampuni itatafuta jina. Zipo njia mbili tu zilizo salama: kampuni ikubali kwa maandishi kuhamishia bima kwako (kwa waraka wa nyongeza ya mkataba unaotaja jina lako na tarehe), au ukate bima mpya kwa jina lako.

Jina lako halitakuwa sahihi mpaka umiliki uhamishwe TRA. Fanya hivyo mapema ukiwa na mkataba wa mauzo ulioshuhudiwa na wakili, kadi halisi, TIN yako na ya muuzaji, pamoja na vitambulisho. Katika siku za katikati, kadi ikiwa bado na jina la zamani, mpelekee mtoa bima nakala ya mkataba wa mauzo na umwombe athibitishe kwa barua pepe kwamba anakukubali kama mmiliki. Magari mengi Dar es Salaam hutembea miaka na kadi ya mtu aliyeuza zamani. Kwa bima ndogo mtu huweza kupenya hivyo bila kugundua tatizo. Kwa bima kubwa ni sawa na kulipia kitu ambacho huenda usikipate.

Bima ndogo au bima kubwa

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka kila anayeendesha barabarani awe na bima ya mtu wa tatu, tunayoiita bima ndogo. Sheria inalenga fidia ya kifo na majeraha ya watu wengine. Uharibifu wa mali zao, yaani gari ulilogonga, ukuta au kibanda, hutegemea kikomo kilichoandikwa kwenye mkataba wako, hivyo kisome. Bima ndogo hailipi bampa lako, haikulipi wewe dereva ukivunjika mguu, wala hailipi gari lako likiibwa.

Kwa gari dogo la matumizi binafsi, ada ya bima ndogo imekuwa shilingi 100,000 kwa mwaka; ukiongeza VAT ya 18% unalipa 118,000. Ukiuziwa kwa 70,000, ujue kuna jambo. Ama ni ya muda mfupi, ama gari limeandikwa aina nyingine, ama hakuna bima kabisa.

Bima kubwa hubeba yote ya bima ndogo, halafu ikaongeza gari lako mwenyewe: ajali, moto, wizi. Kwa gari binafsi kiwango kinachotumika sana ni 3.5% ya thamani. Gari la milioni 10 ni shilingi 350,000, VAT 63,000, jumla 413,000. Tofauti na bima ndogo ni 295,000 kwa mwaka. Kwa gari la bei ya chini kabisa asilimia hiyo haishuki mpaka chini, kwa sababu kampuni huweka ada ya chini. Gari la milioni 4 halitakatiwa bima kubwa kwa 140,000.

Katikati kuna bima ya mtu wa tatu yenye moto na wizi. Mawakala wengi hawaitaji mpaka uiulize. Kwa gari la bei nafuu linalolala nje, hasa modeli ambayo spea zake zina soko kubwa, mara nyingi hii ndiyo inayofaa: hasara ya gari zima kuondoka inabebwa na kampuni, na mikwaruzo unaibeba mwenyewe.

Kabla ya kuamua, uliza habari ya umri. Kampuni nyingi husita kutoa bima kubwa gari likifika miaka 15 hivi tangu litengenezwe, na kila moja ina kikomo chake. Toyota IST za toleo la kwanza zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, kwa hiyo hata ile ya mwisho kabisa imeshavuka umri huo, iwe namba yake ya usajili ni ya herufi D au E. Kinachohesabiwa ni mwaka wa kutengenezwa, si mwaka wa kusajiliwa Tanzania. Watu wengi hununua gari la namba mpya wakidhani ni gari jipya machoni pa bima. Ukikataliwa na kampuni moja, jaribu nyingine. Baadhi hukubali baada ya ukaguzi, au hukubali ya moto na wizi tu.

Sasa hesabu inayosahaulika: kiasi unachojichangia kwenye kila dai, ambacho mawakala hukiita ekisesi. Tuseme mkataba unasema 10% ya dai, isipungue 500,000. Umegonga nguzo, taa ya mbele, bampa na rangi ni 620,000. Kampuni italipa 120,000 tu, na huenda mwakani ukapoteza punguzo la kutodai, yaani punguzo la ada kwa asiyedai. Gari la bei nafuu lina spea za bei nafuu, hivyo ajali ndogo ndogo nyingi huishia ndani ya kiasi hicho. Maana yake bima kubwa kwa gari kama hili haikusaidii kwenye mikwaruzo; inakusaidia gari likipinduka, likiungua au likiibwa. Jiulize swali moja: gari hili likipotea kesho, naweza kununua jingine ndani ya miezi mitatu bila kukopa? Kama jibu ni ndiyo, bima ndogo na akiba inatosha. Kama gari ndilo linalokupeleka kazini na hela yake ilitoka SACCOS, kata bima kubwa au ya moto na wizi. Aliyekopa benki kwa dhamana ya gari mara nyingi hana hiari. Benki hudai bima kubwa na jina lake liandikwe kwenye mkataba.

Thamani ya kuandika kwenye fomu

Usikisie. Tafuta matangazo kama kumi ya modeli ileile, mwaka uleule, herufi ya namba ya usajili ileile (namba C, D na E hazina bei moja hata gari likiwa ni lilelile), na gia ya aina moja. Ondoa ya juu kabisa na ya chini kabisa, chukua ya katikati, kisha ipunguze kidogo, kwa sababu bei ya tangazo si bei ya kukubaliana. Hiyo ndiyo thamani ya soko.

Ukiandika kubwa mno unajiumiza mwenyewe. Gari likipotea, kampuni hulipa thamani ya soko ya siku ile au kiasi kilichoandikwa, kile kilicho kidogo. Umelipia milioni 14, gari ni la milioni 10, utapewa 10 ukiondoa mchango wako.

Ukiandika ndogo ili ada ishuke, tafuta kwenye mkataba kifungu cha wastani. Kikiwepo, gari la milioni 10 lililoandikwa milioni 5 limekatiwa bima nusu, na kila hasara italipwa nusu. Matengenezo ya milioni 3 yatageuka milioni 1.5, kisha mchango wako ukatwe humo humo. Anayeokoa laki mbili hivi kwenye ada anapoteza milioni moja na nusu gereji.

Redio mpya, rimu, kamera ya nyuma na taa ulizoongeza ziorodheshe na bei zake. Kisichoandikwa huhesabiwa hakikuwepo.

Maswali ya kumuuliza wakala kabla ya kulipa

Chukua bei kwa kampuni tatu angalau. Unaweza kwenda kampuni yenyewe, wakala, dalali wa bima, au benki. CRDB na NMB nazo huuza. Bei za bima ndogo hazitofautiani sana. Kwa bima kubwa linganisha maneno kwanza, bei baadaye.

Uliza mafuriko. Anayepita Jangwani, Dar es Salaam, msimu wa masika anajua maji yanavyopanda kwa saa moja. Kampuni nyingine huweka mafuriko ndani ya mkataba, nyingine huyatoa mpaka uongeze ada. Hata yakiwa ndani, maji yakifika kwenye pua ya hewa na ukaendelea kupiga stata, injini hujikunja kwa ndani, na kampuni inaweza kusema uharibifu umetokana na uendeshaji wako. Gari likizimika majini, liache limezimwa, toa betri ukiweza, uite brekdauni.

Uliza wizi wa vifaa. Sait mira, kontroli boksi na taa huibwa mara nyingi kuliko gari zima. Mikataba mingi ina kikomo kidogo kwa vitu hivyo, na mingine haivibebi kabisa.

Uliza spea. Gari la miaka 15 likiwekwa taa mpya kabisa, kampuni inaweza kukukata sehemu ya bei kwa hoja kwamba gari lako limepata kitu bora kuliko kilichokuwepo. Muulize wakala wanakata asilimia ngapi, na kama wanakubali spea za mtumba ambazo hazikatwi.

Uliza nani anaruhusiwa kuendesha: yeyote mwenye leseni, au waliotajwa tu? Mchango huongezeka kama dereva ni kijana au leseni yake ni ya juzi? Uliza kikomo cha mali ya mtu wa tatu kwa tarakimu, kwa sababu kugonga gari la gharama kubwa kunaweza kukumalizia kikomo kwa taa moja. Na kama unavuka mpaka, stika ya Tanzania haikutoshi kupita Namanga au Tunduma. Omba Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya mtu wa tatu inayokubalika kwenye nchi zilizo katika mpango huo.

Majibu yote yaje kwa maandishi, hata kwa WhatsApp ya wakala. Maneno ya mdomo hayafiki kwenye meza ya madai.

Kujaza fomu

Fomu ya maombi ni sehemu ya mkataba, na uongo mdogo ndani yake unaua dai kubwa. Usimwachie wakala aijaze akakupa usaini tu.

Sehemu inayowaponza wengi ni matumizi. Gari likiandikwa binafsi kisha likatumika kwa teksi ya mtandao kama Bolt, kubeba wanafunzi kwa malipo au kusambaza mizigo ya duka, limebadilika kuwa la biashara. Ada ya biashara ni kubwa zaidi, ndiyo sababu watu hukwepa. Ajali ikitokea na abiria aliyelipa nauli yuko kiti cha nyuma, taarifa ya polisi itaandika hivyo, na kampuni itaisoma. Kama unafanya teksi ya mtandao hata jioni tu, sema.

Taja ajali na madai ya nyuma. Kama ulikuwa na bima kubwa kwa gari jingine na hukudai, omba barua kwa kampuni ya zamani ili punguzo la kutodai likufuate. Andika gari linalala wapi kweli. Kisha piga picha pande zote nne, paa, dashibodi ikionyesha kilomita, namba ya chesi, matairi na kila mkwaruzo uliopo. Mkaguzi wa kampuni naye atapiga zake, lakini zako zenye tarehe ndizo zitakazokutetea akisema bonde la mlangoni lilikuwepo tangu mwanzo.

Kulipa na kuhakiki

Bima haianzi mpaka ada ilipwe. Lipa kwenye akaunti au namba ya malipo yenye jina la kampuni ya bima au la wakala aliyesajiliwa, kamwe usilipe kwa namba binafsi ya mtu. Jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri ndilo ukaguzi wako wa mwisho, lisome.

Baada ya malipo utapata kava noti (hati fupi inayoonyesha una bima) na stika ya kielektroniki. Usiondoke kabla ya kurudi TIRA-MIS na kuhakiki mambo matano: namba ya usajili, namba ya chesi, jina la kampuni, aina ya bima, na tarehe za kuanza na kuisha. Herufi moja ikikosewa kwenye chesi, irekebishwe siku hiyo hiyo, wakati bado hakuna dai. Kama mfumo hauonyeshi kitu baada ya saa chache, piga simu makao ya kampuni, usimpigie wakala. Dai pia mkataba kamili wenye vifungu. Kava noti pekee haikwambii ulichonunua.

Kwenye gari weka nakala tu. Kadi halisi ibaki nyumbani: mwizi akiondoka na gari lenye kadi ndani, umempa hati ya kuliuza.

Siku ya ajali

Usihamishe magari kabla trafiki hajapima, isipokuwa kuna hatari kwa watu. Weka pembetatu, hudumia majeruhi kwanza. Mwenye jeraha atahitaji fomu ya polisi ya PF 3 kwa matibabu. Piga picha za barabara nzima, alama za matairi, namba za magari yote na leseni ya mwenzako. Chukua namba za mashahidi wawili kabla watu hawajatawanyika.

Usikiri kosa wala usiahidi kumlipa mtu pale barabarani. Mikataba karibu yote inakataza, na ahadi yako inaweza kuipa kampuni sababu ya kujitoa. Toa taarifa kwa mtoa bima siku hiyo hiyo kwa simu, kisha kwa maandishi.

Polisi hutoa fomu ambazo kampuni itazidai, hasa PF 90, taarifa yao kuhusu ajali, na PF 93, ripoti ya ukaguzi wa gari. Hiyo ya pili mwenye gari la mtumba aiogope mapema. Mkaguzi akiandika kwamba matairi yalikuwa kipara au breki za nyuma hazikufanya kazi kabla ya ajali, kampuni ina hoja kwamba gari halikufaa kuwa barabarani. Tunza risiti za breki, matairi na fundi.

Peleka gari gereji lakini lisiguswe mpaka mkadiriaji wa kampuni aje. Bampa likishang'olewa na kutupwa, hakuna cha kukadiria. Pata makadirio mawili au matatu yanayotenganisha spea, kazi ya bodi na rangi. Kampuni ikileta hati ya kukubali malipo, soma kama inasema "malipo ya mwisho". Ukisaini hiyo kabla fundi hajafungua ndani, chesi iliyopinda ikigunduliwa baadaye ni yako. Gari likihesabiwa limekufa kabisa, uliza bei ya mabaki: mara nyingine kulichukua mwenyewe kwa bei hiyo na kuuza spea kunakurudishia zaidi.

Kama una bima ndogo na mwenye kosa ni mwenzako, unadai kwake. Ingiza namba ya gari lake TIRA-MIS, utaijua kampuni yake palepale. Iandikie siku hiyo, kisha wasilisha taarifa ya polisi, makadirio, kadi na leseni yako, na matokeo ya kesi ya trafiki kama alipatikana na hatia. Usimtegemee yeye akupelekee dai. Huna mkataba naye, na akikaa kimya muda unakwenda.

Dai likikataliwa

Omba sababu kwa maandishi na kifungu kilichotumika. Kifungue mwenyewe kwenye mkataba. Jibu kwa barua kwenda kwa mkuu wa kitengo cha madai ukiambatisha picha na risiti. Ikishindikana, peleka malalamiko TIRA, ambayo ina ofisi za kanda, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye yupo hasa kwa ajili ya mteja asiyeweza gharama za mahakama. Barua zenye tarehe ndizo zitakazosomwa huko, kwa hiyo kila ulichopeleka kwa mkono kigongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Kuhuisha na kuuza

Weka kengele kwenye simu wiki mbili kabla ya bima kuisha, na upunguze thamani ya gari kila mwaka kulingana na soko. Ukiuza, iarifu kampuni kwa maandishi siku ya mauzo na uulize marejesho ya ada ya miezi iliyobaki. Kwa bima kubwa kiasi hurudi, ingawa kampuni hukata zaidi ya miezi iliyotumika. Simamia pia mnunuzi ahamishe kadi TRA, kwa sababu gari likimgonga mtu kesho yake likiwa bado na jina lako, polisi wataanzia kwako.